Grinda bapa ya mitumba: kuifufua na kuipanga mpaka ikate sawasawa

Kosa linaloharibu grinda bapa nyingi za mitumba, yaani mashine za kusawazisha uso wa chuma kwa jiwe linalozunguka, hufanyika siku ya kwanza. Fundi anaunganisha umeme, jiwe linazunguka, naye anakimbilia kusaga sumaku ya meza, ile inayoshika chuma kinachosagwa, ili ing'ae. Uso wa sumaku hunakili mwendo wa mashine: reli ambazo meza inatembea juu yake zikiwa zimelika, au spindo, mhimili unaozungusha jiwe, ikicheza, ubovu huohuo unahamia kwenye sumaku, na bamba lake la juu lina milimita chache tu za kupoteza. Sumaku ni kazi ya mwisho.

Maelezo haya ni ya mashine ndogo ya mkono, yenye meza ya inchi 18 kwa 6, kama Jones & Shipman 540 ya Uingereza.

Kabla ya kulipa, chukua dayo geji (saa ya kupimia yenye mshale) ya 0.001 au 0.002 mm, ile ya 0.01 haitakuonyesha kitu hapa. Gusisha ncha yake kwenye pua ya spindo, zungusha spindo kwa mkono. Mshale ukivuka 0.003 mm, hesabu beringi kwenye bei. Kisha funga geji kwenye kichwa, sehemu inayobeba spindo, laza rula nyoofu ya kupimia juu ya vipande viwili vya unene sawa, na usukume meza mwisho hadi mwisho. Mshale ukichora upinde wa zaidi ya 0.02 mm, reli zinataka kukwanguliwa, kazi ya wiki nzima kwa mtu anayeijua.

Wakati wa kusafirisha, weka gogo la mbao chini ya kichwa, funga meza isitembee, na usipitishe kamba kwenye meza wala spindo.

Usafi ndiyo nusu ya kazi yote, usiuharakishe. Ukiinua meza utakuta tope jeusi, mchanganyiko wa oili, unga wa chuma na chenga za jiwe. Tope hilo linasaga reli kila meza inapotembea. Likwangue kwa kijiti cha mbao, osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipulize kwa kompresa, maana hewa inasukuma chenga ndani ya beringi. Msasa nao usiguse reli kabisa. Palipo na kovu lililoinuka, pitisha jiwe laini la kunolea, bapa, lenye oili, mpaka lisikwame tena. Shimo liache lilivyo, litabeba oili tu. Meza ikikaa juu ya gololi au rola, zirudishe zote pamoja, au badilisha zote. Moja mpya kati ya kuukuu inainua meza kwa mikroni kadhaa.

Fungua kila bomba la oili. Jaza mafuta ya taa kwenye bomba la sindano, sukuma mpaka yatoke safi upande wa pili. Bomba moja likiziba, upande mmoja wa reli unakauka na meza inaanza kutembea kwa kushtuka.

Kwa reli tia oili ya reli, ISO VG 68 (namba ya uzito wa oili). Kwa spindo, soma kwanza kibao cha mashine. Spindo yenye bushi, yaani beringi ya bomba isiyo na gololi, hutaka oili nyepesi sana, mara nyingi VG 10 au karibu yake. Ukiweka oili ya injini inachemka, nafasi kati ya spindo na bushi inaisha na spindo inakamata. Yenye beringi zilizofungwa na grisi ya kiwandani usiiongeze chochote.

Umeme wa fezi tatu wa 415 V ukiwepo, kazi ni ndogo. Ukiwa na fezi moja, inverta ya mota (VFD) ya kawaida ya 240 V inatoa fezi tatu za 240 V, kwa hiyo mota ya 240/415 lazima iungwe delta, yaani nyaya zake kwa mpango wa pembetatu. Hakikisha spindo inafuata mshale wa kwenye kava kabla ya kufunga jiwe, kwani ikigeuka kinyume nati inaweza kulegea. Iendeshe saa nzima bila jiwe. Joto la uvuguvugu ni sawa. Mkono usipovumilia, zima utafute sababu.

Jiwe jeupe la namba 46 (ukubwa wa chembe), ugumu H hadi J, linatosha kwa mwanzo. Lining'inize, ligonge kwa mpini wa plastiki: zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya kufa, na hilo livunje usije ukalisahau. Karatasi za pande zote mbili, kati ya jiwe na vibanio vyake, ni lazima. Simama pembeni, kava limefungwa, liache lizunguke dakika chache. Chonga uso wa jiwe kwa almasi iliyoinama digrii 10 hadi 15, ikikaa kidogo mbele ya katikati kuelekea jiwe linakokwenda, 0.02 mm kila pasi. Ikielekea kinyume inajichimbia ndani.

Sasa sumaku. Sawazisha mashine kwa levo (pima maji) ya 0.02 mm kwa mita. Safisha chini ya sumaku. Ikiyumba mezani, ina kovu. Bolti zibane wastani, zisiikunje. Paka wino juu, washa sumaku, maana ikiwaka uso hubadilika kidogo, fungua maji ya kupoozea, shusha jiwe 0.005 mm kila pasi. Wino ukiisha, simama hapohapo.

Jaribu kwa vipande vitano vya chuma: kona nne na katikati. Visage kwa pasi moja, pima kwa maikromita. Tofauti isizidi 0.005 mm. Vya upande mmoja vikiwa vinene, kagua kama uchafu umeingia chini ya sumaku. Mawimbi juu ya uso yanatokana na mkanda, mota, au jiwe lisilo na balansi. Alama za kuungua zinataka jiwe lichongwe upya. Na mikwaruzo mifupi kama mikia ya samaki inatoka kwenye maji machafu, hivyo mwaga tangi lote na uoshe.