Herufi za Kichina: mstari upi uanze, upi umalizie

Anza kwa kujua mstari ni nini. Katika Kichina, mstari mmoja ni wino wote unaoacha tangu kalamu inapogusa karatasi hadi unapoinyanyua, hata kama umepinda njiani. Ndiyo maana 口 (mdomo), inayoonekana kama mraba wa pande nne, ina mistari mitatu. Wa kwanza unashuka upande wa kushoto. Wa pili unaanzia juu kushoto, unakwenda kulia, unakata kona na kushuka bila kalamu kunyanyuliwa. Wa tatu unafunga chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihesabu minne utahangaika na kamusi, kwa kuwa faharasa zake hupangwa kwa idadi ya mistari.

Daftari la hesabu lenye vijumba linatosha. Unganisha vijumba vinne, viwili juu na viwili chini, upate mraba mmoja wenye msalaba katikati; Wachina hutumia karatasi ya namna hiyo hiyo, na huiita kwa jina la herufi 田 (shamba) inayofanana nayo. Upande wa sentimita 1.5 hadi 2 unafaa. Tumia penseli.

Sasa mfuatano wenyewe. Juu hutangulia chini: 三. Kushoto hutangulia kulia: 川. Mstari wa kulala (heng) hutangulia wa kusimama (shu) vinapokatana: 十. Unaoteremka kushoto (pie) hutangulia unaoteremka kulia (na): 人. Katikati hutangulia pembeni pale pande mbili zinapolingana, kama 小, ambayo huanza na mstari wa kusimama wenye ndoana. Lakini 火 (moto) huvunja kanuni hiyo: nukta mbili za pembeni huja kwanza, kisha 人.

Wengi hukwama kwenye herufi zenye uzio. Kumbuka hivi: ingia ndani kwanza, ndipo ufunge mlango. 国 (nchi) ina mistari 8. Andika ukuta wa kushoto, kisha mstari wa juu unaokata kona na kushuka kulia. Ndani weka 玉: milalo miwili, wima, mlalo wa tatu, nukta. Mlalo wa chini kabisa, unaofunga uzio, ndio wa 8. Ukifunga mapema, 玉 hubanwa au hugonga ukuta, kwa sababu hujui tena nafasi iliyobaki.

Kwa 这 (hii), macho yanakudanganya uanze na sehemu ya kushoto inayokumbatia. Anza na 文, kisha malizia na 辶, ili mkia wake mrefu upite chini ya herufi iliyokwisha simama.

我 (mimi) ina mistari 7 na inastahili siku yake peke yake: pie fupi juu, mlalo mrefu, wima wenye ndoana, mstari mdogo unaopanda kulia, mshazari mrefu unaoshuka kulia na kuishia kwa ndoana ya kwenda juu, pie inayoukata mshazari huo, mwisho nukta ya juu kulia. Nukta ya pembe hiyo kwa kawaida huja mwisho, kama ilivyo katika 书 (kitabu).

Angalia pia urefu. 土 (udongo) na 士 (msomi) zina mfuatano uleule. Tofauti ni mlalo upi mrefu, wa chini au wa juu.

Hakikisha mwongozo unaoufuata ni wa Kichina, si wa Kijapani. Ndani ya 田, China huandika mlalo kabla ya wima, Japani hugeuza. China ina kiwango rasmi cha mfuatano wa herufi 8,105, kilichoanza kutumika Machi 2021. Ukikuta miongozo miwili inapingana, fuata hicho.

Herufi tano mpya kwa siku zinatosha. Andika kila moja mara tatu ukiitazama huku ukitaja mistari kwa sauti, heng, shu, pie, kisha funika mfano na uandike kwa kumbukumbu. Kesho yake anza na za jana. Ukikosea mstari, usifute kipande na kukitia kiraka. Andika herufi nzima upya, maana mkono hukariri safari yote, pamoja na kosa lililomo.