Soma jina kabla ya namba ya siri

Malipo ya korosho yakianza kuingia, wateja wa kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu hapa Masasi huanza kunionyesha ujumbe uleule: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mzee mmoja alikuwa anadaiwa ada ya mjukuu kweli, akaamini, akatuma 180,000. Tulipopiga huduma kwa wateja, ilishatolewa. Iliniuma sana.

Usijibu. Mpigie anayekudai kwa namba unayoijua siku zote, usikie sauti yake. Kabla ya namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea: lisome lote, hata foleni ikikusukuma. Mtu usiyemjua akidai "nimekutumia hela kimakosa, nirudishie", angalia salio kwanza, kisha mwache apige huduma kwa wateja mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.