Kabla hujaongeza pumba, angalia ndoo ya maji

Wafugaji wenzangu, hasa nyie wa ng'ombe mmoja au wawili wa bandani kama tulivyo wengi huku Kilimanjaro, swali naloulizwa kila siku ni "nimpe nini aongeze maziwa", na anayeuliza keshanunua pumba, keshanunua mashudu ya alizeti, pesa imeisha na ng'ombe kang'ang'ania lita 6 zilezile. Ukiingia bandani unakuta hori limejaa majani vizuri tu, ila ndoo ya maji imelala pembeni, kavu, ina kinyesi ukingoni.

Mi naanzia kwenye hiyo ndoo. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji, sasa unadhani anayatoa wapi? Ng'ombe wa kisasa anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 mpaka 80 kwa siku, na jua likiwa kali au akila makavu anapitiliza hapo. Ndoo zetu ni za lita 20, wewe unapeleka moja asubuhi moja jioni, jumla 40, umemaliza, unaenda kulala. Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nampa maji baada ya kukamua tu, akiiona ndoo anaivamia, anafyonza mpaka chini halafu anailamba, nami nasimama pale nafurahi eti ana afya, kumbe kiu jamani.

Najua kubeba maji kichwani ni kazi na siwabezi, lakini kama banda lina bati funga gata ukinge kwenye pipa, maana ng'ombe wa ndani hana mto wa kwenda kujitafutia.

Maji yakikaa sawa ndo tuje kwenye majani. Matete yakifika kama mita 1 kata, ukiyaacha yarefuke yakomae shina linakuwa kuni na hapo unamlisha mti, halafu yakatekate vipande vidogo vidogo, ukimtupia mazimamazima anachagua majani laini na mengine anayakanyaga. Mgomba nao tunaupenda sana huku, sawa kiangazi unasaidia, ila karibu wote ni maji, ukimjazia tumbo kwa mgomba ameshiba na hajala. Mchanganyie lukina au desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde, protini hiyo ya bure shambani kwako. Pumba na mashudu vinakuja juu ya hapo, kilo 1 hivi kwa kila lita 2 au 3 zinazozidi zile 5 za mwanzo ambazo majani mazuri yanazibeba yenyewe, na jiwe la chumvi la kulamba lisikosekane bandani.

Ila siyo kila maziwa yakipungua ni njaa. Kabla ya kukamua osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kaushe kwa kitambaa safi cha ng'ombe huyo huyo, halafu michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu. Ukiona mabonge au majimaji, huo ni ugonjwa wa kiwele, mkamue wa mwisho ili usiwapelekee wenzake na muite mtaalamu wa mifugo. Akishachomwa dawa, maziwa yake usinywe wala usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, na usiyachanganye kwenye ndoo ya wengine ukidhani hayataonekana.

Kama bado unabisha kuhusu maji, jaribu leo leo, haikugharimu hata shilingi. Saa 2 usiku muwekee ndoo 2 zimejaa, zifunge kwenye nguzo asizipindue, na nenda kazikague alfajiri kabla hujakamua. Ukikuta zote zimelambwa, kesho usiku weka 3.