Redio kwenye pikipiki ya safari: namna ya kuifunga, na kelele iliyonikesha siku tatu

Ami mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, aliniletea Honda ST1100 yake katikati ya Ramadhani. "Mwanangu, mimi nataka nisikize redio mpaka Voi, basi." Nikamwambia hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kufunga kweli kulichukua mchana mmoja. Mikesha mitatu iliyofuata, baada ya tarawehe, ilikwenda kwa kelele. Kwa hivyo ukiona hatua nyingine humu ni sentensi mbili na moja inajaza ukurasa, ujue kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Nachukulia kwamba unajua kufungua bodi za plastiki bila kuvunja vishikizo, na kwamba waya hasi wa betri hutoka kwanza na kurudi mwisho.

Vya kununua

Usinunue redio iliyotolewa kwenye gari la Japani, hata ukiuziwa kwa bei ya maji. Mjini zimejaa, maana magari yenyewe yanashukia bandarini kwetu. FM ya Japani inaanzia 76 MHz na nyingi ya redio hizo zinakomea 90. Yetu ni 87.5 hadi 108. Baraka FM iko 95.5, kwa hivyo hutaipata. Kipo kidude cha kushusha masafa, na kinafanya kazi, lakini kinapunguza nguvu ya mawimbi, kioo kinakuonyesha namba za uongo, na umejiongezea viungo viwili vya kushika kutu.

Mimi nafunga redio za boti tu. Bodi yake ya ndani imepakwa dawa ya kuzuia unyevu, na spika zake zina koni ya plastiki badala ya karatasi. Koni ya karatasi ikipigwa na masika mara moja inalegea kama mkate uliochovywa chai. Chukua spika za ohm 4 na amplifaya ya wati 50 kwa kila upande. Zaidi ya hapo unapoteza pesa: ukipita kilomita 100 kwa saa upepo unameza kila kitu, na muziki wote unawaburudisha wauza mahindi wa kando ya barabara.

Waya uwe wa shaba tupu, 2.5 mm² kwa moto (chanya) na athi (hasi), 1.5 kwa spika. Ukipata ule uliopakwa bati, wa boti, bora zaidi. Mafundi wa boti kule Mtwapa wanaujua. Angalia usiuziwe aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, mrudishie mwenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi haumalizi mwaka kabla haujageuka unga.

Tepu nyeusi iache dukani. Ikikaa juani gundi yake inayeyuka, inateleza, na waya unabaki uchi. Tumia mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Na viungo bana kwa koleo la kubania, usilehemu. Najua wenzangu watabisha hapa. Lehemu ni nzuri kwenye bodi ya redio, lakini kwenye pikipiki waya hutetemeka siku nzima, na pale lehemu inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja na laini upande wa pili. Hapo hapo ndipo unapokatika, tena ndani ya ganda, usione kitu.

Hatua ya 1: pima chaji kabla ya kugusa chochote

Injini ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima husoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa, panda mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, tengeneza chaji kwanza, redio baadaye.

Kisha fanya hesabu. Kitabu cha ile ya Ami kinataja altaneta (mashine ya kuchaji betri) ya 28A, yaani kama wati 390 zikiwa zote. Kwenye hizo toa za taa, plagi za cheche, pampu ya mafuta na feni. Amplifaya ya 50 mara mbili ikipiga kelele zake zote inakula karibu 9A, ingawa muziki wa kawaida hauvuti hata nusu yake. Ikiwa mwenye pikipiki ameshafunga taa za ukungu na hita ya mishikio (Mombasa, hita! lakini nimeziona), mwambie achague.

Hatua ya 2: mahali

Redio iwe pale mkono wa kushoto unafika bila kuachia usukani wala kuinama. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kutoboa tundu lolote.

Hatua ya 3: moto

Waya wa chanya utoke moja kwa moja betrini, na fyuzi ya 15A iwe ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye nguzo ya betri. Fyuzi iliyokaa kule mbele karibu na redio inalinda redio tu. Waya wote wa nyuma yake ukichubuka unawaka, nao unapita karibu na petroli.

Usivute moto wa amplifaya kwenye swichi ya ufunguo. Weka rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo; nguzo zake zina namba: 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwa amplifaya, 85 ni athi, 86 inapata moto mdogo kutoka waya wowote unaoamka ufunguo ukiwashwa. Mimi hupenda waya unaolisha swichi ya breki. Redio yenyewe: waya wa njano ni wa kumbukumbu, unataka moto daima, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni athi, wa buluu ni wa kuamsha antena au amplifaya.

Kama pikipiki ni BMW ya kuanzia mwaka 2005 hivi yenye CAN bus (mfumo wa kompyuta unaosimamia umeme wake), usichomekee popote kwenye waya za taa. Kompyuta yake ikiona mzigo usioujua inazima sehemu ile, nawe utabaki unatafuta fyuzi ambayo haipo.

Hatua ya 4: athi

Waya wa athi wa redio, wa amplifaya na wa chaja ya simu, yote mitatu, ikutane mahali pamoja: kwenye hasi ya betri. Usifunge kwenye boliti ya fremu iliyo karibu kwa sababu ni karibu. Fremu imepakwa rangi, boliti ina kutu, na kila athi ikiwa na mahali pake utanisoma tena kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 5: spika

Redio nyingi za siku hizi, waya wa hasi wa spika *si* athi. Ukiugusisha na fremu unaunguza redio. Kila spika iende na waya zake mbili mpaka kwenye redio. Ili kujua upande wa chanya wa spika isiyo na alama, gusa nguzo zake na betri ya tochi ya volti 1.5: koni ikiruka nje, nguzo iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya. Ukichanganya upande mmoja, besi inapotea na watu wanasema spika ni mbovu.

Hatua ya 6: antena

Urefu wa sentimita 75 hivi, ambao ni robo ya wimbi la FM kwa katikati ya masafa yetu. Kitako chake lazima kiguse chuma cha fremu. Kikikaa kwenye plastiki peke yake antena ni fimbo tu. Kwaruza rangi, funga, paka grisi. Kebo yake ipite upande usio na waya za plagi. Na usijaribu redio ndani ya karakana ya mabati kama yangu, itoe nje kwanza.

Hatua ya 7: kelele

Hapa ndipo watu wanapoilaumu redio, wakaenda kununua nyingine, na kelele ikawafuata. Kelele zina kabila zake, na kila kabila lina mlango wake. Kabla ya kununua chochote, jua kelele inaingilia wapi. Injini ikiunguruma, chomoa kebo ya antena nyuma ya redio, kisha piga muziki kwa Bluetooth. Kelele ikiondoka, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inaingia kwa moto au kwa athi. Jaribio hili la dakika moja lingeniokoa usiku mzima, lakini sikulifanya.

*Mkesha wa kwanza: mluzi.* Sauti nyembamba inayopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Kila mtu atakwambia "altaneta", na dukani watakuuzia kichujio cha kuweka kwenye waya wa moto. Nilikiweka. Mluzi ukapungua kidogo tu. Nilipochoka nikachomoa simu ya Ami kwenye chaja ili niangalie saa, na mluzi ukakatika papo hapo. Simu ilikuwa imechomekwa chaja na wakati huohuo ina kebo ya sauti inayokwenda kwenye redio. Kwa hivyo athi ilikuwa na njia mbili: moja kwa chaja, nyingine kwa kebo ya sauti, na ile tofauti ndogo ya volti kati yake ikawa inasikika kwenye spika. Dawa: tumia Bluetooth, au weka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha athi kwenye kebo ya sauti. Na kama ulifuata hatua ya 4 tatizo linakuwa dogo tangu mwanzo. Mimi chaja nilikuwa nimeifunga kwenye boliti ya fremu. Ndiyo, mimi mwenyewe ninayekukataza.

*Mkesha wa pili: tiki-tiki-tiki.* Inakwenda na injini, lakini ni kama cherehani, si mluzi, na iko kwenye FM peke yake. Hiyo ni cheche za plagi. Toa plagi usome namba. Za kampuni ya NGK, herufi R katikati ya namba ina maana ina kizuizi cha ndani cha kutuliza cheche. Mbili kati ya nne zilikuwa hazina R. Fundi fulani aliziweka alizokuwa nazo. Nikabadilisha zote nne, nikapima na kofia zake kwa mita (nyingi za aina yenye kizuizi husoma karibu kilo-ohm 5; ikisoma haina mwisho, imekufa). Kimya.

*Mkesha wa tatu* ndio ulionipa adabu. Ami akachukua pikipiki, akafurahi, akaondoka jioni. Saa tatu usiku ananipigia yuko Mariakani: "Redio imekufa." Asubuhi anairudisha, naiwasha, inaimba kama kasuku. Anaondoka. Usiku tena: "Mwanangu, imekufa." Nakiri kwamba nilidhani anabonyeza kitufe kisichofaa, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya adabu ya kumwambia.

Siku ya tatu nikamwomba aniachie. Baada ya tarawehe nikaipeleka mwenyewe mpaka daraja la Nyali. Kabla sijapanda daraja barabara ikawa na giza, nikawasha taa. Redio: ssssssh. Nikazima taa: wimbo. Nikawasha: ssssssh. Polisi wa kizuizi alikuwa ananitazama ninavyomkonyeza kwa taa, ikabidi nisogee.

Balbu ilikuwa LED ya bei rahisi. Ndani yake kuna saketi ndogo inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na ikiwa haina kinga, waya wa taa unageuka kuwa antena ya kurushia uchafu, umbali wa shibiri tatu kutoka antena yako. Mchana haiwashwi, basi mchana hakuna tatizo. Hakuna kichujio cha moto kitakachosaidia hapa, maana kelele inaingia kwa antena.

Namna ya kunusa mkosaji: chukua redio ndogo ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, ipitishe taratibu karibu na kila kifaa huku unakiwasha na kukizima. Kwenye kichwa cha taa ya Ami ilinguruma kama nyuki. Kwenye chaja ya USB pia, kidogo. Kisha, kwa mpangilio huu: badilisha balbu (nilirudisha halojeni ya H4, na Ami hakusikitika); ikishindikana, bana pete ya feraiti (ile ya kumeza kelele) kwenye waya wa taa karibu kabisa na balbu, uzungushe waya mara mbili tatu ndani yake; mwisho, hamisha antena iende nyuma. Pete peke yake kwenye ile balbu haikunisaidia kitu. Kwenye chaja ilitosha.

Tangu siku hiyo sikabidhi pikipiki kabla ya kuijaribu usiku, kila kitu kimewashwa pamoja: taa, indiketa, breki, chaja, honi.

Hatua ya 8: maji na chumvi

Grisi ya silikoni ndani ya kila kiungo. Kila waya unaoingia kwenye kifaa uwe na tumbo la kuning'inia chini kabla ya kuingia, ili maji yadondokee pale yasifuate waya mpaka ndani. Baada ya miezi mitatu fungua kiungo kimoja uangalie. Ukiona kijani, vingine vyote viko vivyo hivyo.

Hatua ya 9: redio ikiwa imelala

Zima ufunguo, tenganisha hasi ya betri, weka mita ya milliampea katikati, subiri dakika chache. Kumbukumbu ya redio isizidi 20 mA. Hata hiyo, kwa betri ya 12Ah, ni karibu nusu ampea-saa kwa siku: wiki mbili ukiwa umesafiri umekuta nusu ya betri haipo. Ami huenda Lamu kwa ndege mwezi mzima, kwa hivyo fyuzi yake niliiweka mahali anapoifikia kwa vidole bila kufungua kiti, na yeye huichomoa na kuitia mfukoni.