Kuku wakitaka kulalia, walalishe wote siku moja

Wadau wa kuku wa kienyeji ngoja niitupie hii hapa, mi imeniokoa. Zamani kila kuku akianza kuatamia namwachia tu mayai yake, matokeo yake huyu anatotoa leo yule wiki ijayo, vifaranga saizi tofauti tofauti, na mwewe hapo juu anajichagulia tu.

Siku hizi kuku wa kwanza akianza kulalia namwekea mayai mawili matatu ya kumzuga, hata viza poa tu, anasubiri wenzie (ila isizidi wiki, kuku anakonda yule), afu usiku mmoja wote nawawekea mayai freshi kama kumi kila mmoja, yana alama ya penseli ili mwingine akija kutagia humo humo nijue lipi la kutoa. Siku ya 7 au 8 zima taa, chukua tochi ya simu mulika upande mnene wa yai. Ukiona vimishipa kama buibui basi kuna mtu humo 😄, likiwa jeupe tupu toa. Nyumbani wananicheka kwa jinsi nnavyochekelea kila nikimulika.

Siku ya 21 wakitotoa, usiku vifaranga wape mama mmoja au wawili, wengine watoe kwenye viota wale vizuri warudi kutaga mapema. Na maji ya vifaranga weka kwenye kisahani chenye vijiwe jamani, mi watatu walizama kwenye bakuli la uji.