Somo: Jihesabie mwenyewe umbali na muda wa ndege, Mtwara hadi Jeddah

Mama yangu mdogo anajiandaa kwenda Hija, na kila siku ananiuliza: "Mwanangu, huko ni mbali kiasi gani?" Jana tumekaa barazani na atlasi ya shule, tukahesabu. Naweka hapa tulivyofanya, maana wapo wengi Masasi, Newala na Lindi wenye swali hilohilo.

Hatua ya 1. Tafuta latitudo. Uwanja wa Mtwara uko digrii 10.3 kusini mwa ikweta, wa Jeddah 21.7 kaskazini. Ikweta iko katikati yao, kwa hiyo jumlisha: 32.

Hatua ya 2. Tazama longitudo. Hapa watu wa Kusini tuna bahati: Mtwara ni 40.2 mashariki, Jeddah 39.2, karibu sawa, kwa hiyo hesabu ya latitudo peke yake inatosha. Weka rula, itapanda wima, ikate Kenya na Ethiopia hadi Bahari ya Shamu.

Hatua ya 3. Kila digrii ya latitudo ni maili 60 za baharini. 32 mara 60 ni 1,920. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo zidisha kwa 1.852, unapata kama kilomita 3,560.

Hatua ya 4. Ndege ya moja kwa moja hatuna, tunapitia Dar. Mtwara–Dar ni kilomita 400 hivi kwa anga (barabarani zaidi ya 550), karibu saa moja. Dar–Jeddah ni kama 3,170. Jeti kubwa hukata 850 hivi kwa saa. Gawanya, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: saa nne na robo.

Hatua ya 5. Hii ndiyo inayoumiza watu: saa ya tiketi. Saa za Saudi Arabia ni sawa na zetu, hakuna kurudisha wala kusogeza mshale. Lakini tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Na tarehe 12, 03:40, ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 11. Jirani yetu alifika tarehe 12 baada ya Isha, begi limefungwa kamba, chupa ya maji mkononi. Ndege ilishaondoka tangu alfajiri. Aliyemkatia tiketi hakumweleza.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mbona wakala kaniambia safari nzima saa kumi na nne?
— Marahaba. Huenda amejumlisha na kusubiri. Mwulize kwa mafungu: angani saa ngapi, kusubiri saa ngapi, na wapi.

Kuunganisha ndege Addis Ababa au Doha, ipi fupi?
— Addis, tena kwa mbali. Iko karibu kwenye mstari uleule wa rula, haikuongezei umbali wa maana. Kupitia Doha, Dar hadi Jeddah inavuka kilomita 5,000.

Kaka, mimi naenda Guangzhou kufuata mzigo. Hesabu hii inanifaa?
— Haikufai, ndugu yangu. Guangzhou iko longitudo 113, mbali sana mashariki. Azima globu shuleni, nyoosha uzi kutoka Dar hadi Guangzhou, kisha ulaze uzi huohuo kwenye mstari wa kaskazini–kusini na uhesabu digrii. Zidisha kwa 60 kama hapo juu. Ramani ya ukutani usiitumie kwa hili: imebapa, mstari ulionyooka juu yake sio njia fupi ya ndege.