Kumpa mtoto jina la Kasiani: asili yake, na namna ya kuliandikisha lisiharibike

Ukilitaja jina la Kasiani kwa wazee wa Ndanda au Nyangao, kusini mwa Tanzania, hawatakuuliza mara mbili. Lipeleke Tanga au Mwanza, utaombwa ulitamke herufi moja moja. Hata huku kusini, siku hizi utalikuta zaidi kama jina la pili au la tatu: la baba, au la babu aliyebatizwa zamani misheni. Anayetaka kulirudisha mbele, liwe jina la kwanza la mtoto wa kiume, ajue kwanza anampa mwanawe jina la nani, kisha aamue tahajia, kwa sababu jina adimu huharibikia kwenye kalamu ya karani.

Linatoka wapi

Ni jina la Kirumi. Cassius lilikuwa jina la ukoo mkubwa wa Roma, na Cassianus ni mtu wa ukoo huo au aliyetokana nao. Vitabu vingi vya majina vinalifasiri kuwa "tupu", kwa sababu Kilatini kina neno cassus lenye maana hiyo. Msilichukue. Hilo ni kisio la kufananisha sauti, na jina la ukoo halifunguliwi kwa kamusi. Mtu akiuliza maana, mwambie "wa ukoo wa Cassius", inatosha.

Watakatifu wenye jina hili wanaotajwa sana ni wawili, na watu huwachanganya. Kasiani wa Imola, Italia, alikuwa mwalimu wa kusoma na kuandika. Wakati wa mateso ya Wakristo aliuawa na wanafunzi wake mwenyewe kwa kalamu za chuma walizoandikia. Sikukuu yake ni 13 Agosti. Yohane Kasiani ni mtu mwingine kabisa, mmonaki wa karne ya 4 na ya 5 aliyeishi na wakaa pweke wa Misri, kisha akaanzisha monasteri Marseille, Ufaransa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza mazungumzo aliyoyaandika yasomwe na wamonaki jioni. Yeye hukumbukwa 23 Julai, na kwa Waorthodoksi 29 Februari.

Lililofanya jina hili lijulikane kusini ni historia ya Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, waliofungua misheni Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Mwenzao Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol nchini Austria, alifanywa mwaka 1902 askofu wa vikarieti (eneo la misheni ambalo bado si jimbo) yenye makao Dar es Salaam. Huko Tirol jina halikuwa geni, maana Kasiani wa Imola ni msimamizi wa jimbo la Brixen. Tarehe 14 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza kwenye vilima vya Umatumbi, askofu huyo aliuawa akiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ilikuwa siku moja baada ya sikukuu ya Kasiani wa Imola. Misheni za Lukuledi na Nyangao nazo zilichomwa mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Ndanda ikaanzishwa.

Askofu Spiss hajatangazwa mtakatifu. Unaweza kumpa mtoto jina kwa kumkumbuka yeye, lakini paroko akiuliza msimamizi wa jina ni nani, mtaje wa Imola au Yohane Kasiani. Mzazi akikuambia ni "Mtakatifu Kasiani wa Liwale", hakuna mtu kama huyo.

Kabla hamjalitangaza

Historia hiyo ina pande mbili. Kama upande mmoja wa familia ni Wangindo wa Liwale au Wamatumbi wa Kilwa, mwaka 1905 huko unakumbukwa kwa mababu waliopigana na Wajerumani, walionyongwa na waliokufa kwa njaa iliyofuata. Jina halikatazwi kwa hilo, ila ni afadhali wazee walisikie kwenu mapema kuliko walisikie siku ya ubatizo.

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuatwa kwa mama, kwa hiyo mjomba ana neno katika mambo ya mtoto. Mara nyingi hapagombaniwi kitu: mtoto anabaki na Kasiani la ubatizo, nyumbani anaitwa jina la upande wa mama, na akienda jandoni anatoka na jina jingine. Shida huja pale majina hayo yote yanapoingia kwenye karatasi, moja kliniki, jingine kanisani, la tatu shuleni. Kaeni mkubaliane jina la karatasi ni lipi. Yale mengine yabaki mdomoni.

Mkitaka kujua kama kwenu ni adimu kweli, ombeni ofisi ya parokia iwaangalizie kitabu cha ubatizo cha miaka kumi ya karibuni, kisha muulizeni mwalimu wa darasa la kwanza wa shule mtakayompeleka. Takwimu za Marekani, ambako Cassian limeanza kusikika zaidi tangu mhusika Cassian Andor atokee kwenye filamu za Star Wars mwaka 2016, hazikuambii chochote kuhusu Masasi.

Tahajia: chagueni moja

Hapa ndipo penye kazi. Miandiko inayozunguka ni minne: Kasiani, Kasian, Kassian na Cassian. Zote husomwa sawa na watu wa huku, Ka-si-A-ni, mkazo kwenye A, na ndiyo maana karani huandika aliyoizoea yeye.

Sisi tunapendekeza KASIANI, herufi saba, s moja. Inaandikwa kama inavyosikika, kwa hiyo hata ukitajiwa kwa simu haipotei. Kassian ndiyo mbaya kuliko zote, maana s ya pili hudondoka mara ya kwanza tu inaponakiliwa. Cassian ni ya Kilatini na inapendeza kwenye kadi ya harusi, ila utakuwa unasema "kwa C" maisha yako yote. Kasian haina ubaya kama baba ndivyo alivyoandikwa kwenye cheti chake na mnataka majina yafanane. Wapo watakaoongeza i, mkague.

Kosa kubwa kuliko la s ni KASIMU. Hilo ni jina la Kiarabu, limejaa Lindi na Mtwara, na mwandiko wa haraka hauoni tofauti kati ya "Kasian" na "Kasim". Herufi za mwisho ndizo za kutazamwa. Angalieni pia majina matatu yakipangwa pamoja. Mtoto akipewa jina la babu yake akawa Kasiani Hilari Kasiani, karani anaweza kudhani amerudia kwa bahati mbaya akafuta moja. Mwambieni kabla hajaandika.

Watoto wenzake watamwita Kasia, hasa maeneo ya pwani kwenye mitumbwi. Na Wagiriki wana Kassiani ambalo ni la kike, jina la sista mtunzi wa nyimbo wa karne ya 9, ila hilo litamhusu akija kufanya kazi na mabaharia wa Kigiriki.

Kanisani

Andikeni majina yote matatu ya mtoto kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na mkipe ofisi ya parokia, msiyataje kwa mdomo. Msimamizi wa ubatizo anatosha mmoja, mwanamume au mwanamke, au wawe wawili, mmoja wa kila jinsia. Awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki aliyepata kipaimara, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Sheria ya Kanisa ya sasa, ya mwaka 1983, hailazimishi jina la mtakatifu, inakataza tu jina lisilopatana na imani. Kwa hiyo Kasiani halihitaji kutetewa. Kabla ya kuondoka soma kilichoandikwa kitabuni, siyo kwenye kadi tu, kwa sababu nakala zote za baadaye, hadi za kipaimara na ndoa, zitatoka kwenye kitabu hicho.

Cheti cha kuzaliwa

Wengi hukosea mpangilio: mtoto anasajiliwa kwanza kwa jina la muda, ubatizo unafuata na jina jingine. Pangeni jina kabla ya kwenda kujifungua. Jina linaloandikwa kliniki ndilo hunakiliwa kwenye usajili.

Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umefika Lindi na Mtwara, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Cheti hicho hujazwa kwa mkono, na taarifa hutumwa kwa simu. Maana yake kuna sehemu mbili za kukosea. Toa karatasi yenu ya herufi kubwa, mwache aandike, kisha msomee herufi moja moja kabla hajatuma. Ukikuta kosa, lisemee hapohapo mezani.

Shuleni, na likishaharibika

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza peleka cheti chenyewe. Usimwachie mtoto ajitaje, atasema la nyumbani. Jina likishaingia kwenye mfumo wa namba za PReM, zinazomtambulisha kila mwanafunzi, linamfuata hadi mtihani wa darasa la nne na mingine inayofuata. Ombeni mwalimu mkuu awaonyeshe orodha kabla ya usajili wa darasa la nne kufungwa, maana kurekebisha wakati huo ni rahisi kuliko baadaye.

Wengi hugundua tofauti wanapoomba kitambulisho cha NIDA, au pale Bodi ya Mikopo inapotaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA: cheti kinasema Kasiani, matokeo ya kidato cha nne yanasema Kassian. Kwa tofauti ya herufi, kinachotumika kwa kawaida ni kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kubadili jina zima ni hati nyingine ya kisheria inayosajiliwa, na gharama yake iko juu zaidi. Ukienda kuapa, chukua nyaraka zote zenye jina, cha ubatizo kikiwemo, na kiapo kitaje kila mwandiko kama ulivyo kwenye kila nyaraka, pamoja na namba ya nyaraka hiyo. Kiapo kinachosema tu "majina haya ni ya mtu mmoja" bila kuitaja ile ya s mbili hurudishwa dirishani.